Vunja Vyungu, Zamisha Mitumbwi

Alikufa porini, sasa amelala majini, na walio hai wamempanda mgongoni. Ni nani?

Mjukuu wangu Viviane, anayeniita koko, yaani bibi, hujibu kabla sijafunga mdomo: mtumbwi, koko. Kitendawili hicho alikinyonya pamoja na maziwa. Lakini mwezi uliopita yeye ndiye aliyenitegea. Anauza vitambaa katika duka la Wachina karibu na soko kuu, na ukutani pale wametundika kalenda yenye herufi nne kubwa nyeusi. Patroni wake, mwenye duka, amemfundisha kuzisoma.

"Koko, sikia. Ya kwanza ni vunja. Ya pili, vyungu. Ya tatu, zamisha. Ya ine, mitumbwi. Maana yake nini?"

"Maana yake hakuna kula na hakuna kuvuka."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Hapana, koko. Ni mutu mwenye anaanza kazi na hatafuti tena njia ya kurudia. Anaweka yote. Iko muzuri, si vile? Mi nataka kuiandika juu ya mulango yangu."

Nikamwambia asubiri kidogo na rangi yake, niandike mimi kwanza. Nilisoma kwa masista hadi darasa la tano tu, na mwandiko wangu unatambaa kama konokono. Lakini maneno hayo manne niliyasikia kabla mama yako Safi hajaota meno, Viviane. Niliyasikia mara mbili, na mara ya kwanza yalikuwa nusu.

Aliyeyaleta ni kaka yangu Léon.

Baba yetu, papa Michel, alikuwa mvuvi wa maporomoko. Alitega yale makapu makubwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya miamba, kama babu zake walivyotega. Léon hakutaka makapu. Alitaka vitabu, na mama Julienne alimuunga mkono. Uhuru ulipokuja alivaa tai ya kuazima akaimba barabarani na wenzake mpaka sauti ikakauka. Kisha mambo yakaharibika, rafiki zake wakaanza kufungwa, naye akatoroka kupitia Sudani. Tulisikia yuko Misri. Halafu tukasikia amefika kwa Wachina, anasoma vita. Mama hakuamini kwamba vita vinasomwa. "Kwani vinahitaji mwalimu?" alisema.

Alirudi mwaka wa sitini na nne, mwezi wa nane, pamoja na Simba, wale waasi walioteka mji. Wazungu waliuita Stanleyville. Sisi tulikuwa tukiuita Kisangani siku zote. Alikuwa amekonda, amevaa magwanda, na kwenye mkanda wake alining'iniza kikombe cha bati cheupe chenye ua jekundu.

Mama alikishika, akakigeuza, akachungulia ndani.

"Donc umezunguka dunia yote, unaniletea kopo."

"Ile ni yangu, mama. Walitupatia kila mutu moja."

"Alors hata kopo hapana."

Tulicheka sote. Mama alimshika masikio kama mtoto. Siku hiyo alimpikia samaki mzima katika sufuria yake nzuri ya chuma, ile aliyopewa alipoolewa.

Léon alihitaji vijana. Alichukua wa kijijini kwetu, kisha akavuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto, kutafuta wengine. Mimi nilikuwa ndani ya mtumbwi na papa, nimempakata Safi, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Akina mama wa ng'ambo walimpa watoto wao kwa sababu alikuwa mtoto wa Michel, na walimjua tangu akitembea uchi. Alikuwepo mama Aziza, mwuza sabuni, Mwislamu wa zile familia za zamani. Mwanawe Nassoro alikuwa wa pekee. Alimleta mpaka majini, akamtengeneza kola ya shati.

"Léon," alisema, "nakuazima. Sikupi. Unisikie vizuri: nakuazima."

"Nimesikia, mama Aziza. Nitamurudisha mi mwenyewe."

Nassoro aliona haya. Alipanda mtumbwini akakaa mbele, akatupa kisogo mpaka tulipofika.

Mwezi wa tisa habari zikaanza kuwa mbaya. Simba walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, lakini majeruhi waliorudi kutoka mbali hawakuwa wamelowa maji. Vijana wa ng'ambo wakaanza kuchoropoka. Ungemwona kijana asubuhi amebeba bunduki, na jioni mama yake yuko naye jikoni Lubunga. Walivukaje? Kwa mitumbwi yetu. Nani angemkatalia mtoto anayetaka kurudi kwao?

Basi siku moja, jua likiwa utosini, Léon akatukusanya gatini. Vijana wake mbele, sisi nyuma. Akasema atatusimulia jambo.

"Hadithi mchana?" mama akamkatiza. Kwetu hadithi ni ya jioni. Mtoto akisimulia mchana, wazee walisema, mama yake atakufa. "Unataka kuniua, Léon?"

Watu wakacheka. Léon naye alitabasamu, lakini kidogo.

"Ile si hadithi, mama. Ile ilitokea kweli."

Akasimulia vizuri, siwezi kukana. Zamani sana, zaidi ya miaka elfu mbili, Wachina walikuwa na jemadari kijana aliyeitwa Xiang Yu. Adui walikuwa wengi kama siafu, nao walikuwa wameuzingira mji wa rafiki zake. Jemadari akavusha askari wake mto. Walipofika ng'ambo akaamuru mitumbwi yote izamishwe, na vyungu vyote vya kupikia vivunjwe, na vibanda vichomwe. Akawaachia chakula cha siku tatu tu. Mwenye kutaka kula tena, kitoweo chake kilikuwa mbele, mikononi mwa adui. Mwenye kutaka kurudi nyumbani hakuwa na cha kupanda. Wakapigana kama watu waliokwisha kufa, na wakashinda.

"Tangu siku ile," Léon akamaliza, "Wachina wanasema maneno ine tu: vunja vyungu, zamisha mitumbwi. Na sisi tutafanya vile."

Mama aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Na huyo mutu," mama akauliza, "alikufa namna gani?"

"Alishinda, mama."

"Nimesikia alishinda. Nauliza alikufa namna gani. Au angali anaishi?"

Wengine walicheka tena. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama Léon, nikaona ameshika kile kikombe kiunoni, anakizungusha na kukizungusha.

"Ile nitakuambia siku ingine," akasema.

Kila nyumba ilitakiwa kutoa chungu kimoja. Mama aliingia ndani akarudi na sufuria iliyotoboka.

"Mama, ile inavuja tangu niko mutoto."

"Basi ilikuwa inakungojea."

Hakusema kwamba ile nzuri alikuwa ameifukia nyuma ya nyumba, chini ya majivu. Vijana wakavunja vyungu kwa mawe na kuponda masufuria, na wanawake wakatazama. Kisha Léon akamgeukia papa, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa wavuvi pale.

"Papa, mitumbwi."

"Tutazamisha," papa akajibu mara moja. "Yote. Leo."

Alikubali kwa wepesi mno, na wavuvi wengine nao, mpaka Léon akawashukuru kwa sauti. Maskini, alikuwa ametumia ujana wake wote kuikimbia kazi ya baba yake. Mvuvi huzamisha mtumbwi wake mwenyewe, bila kuamriwa na mtu. Ukiuacha juani bila kazi, mti hukauka na kupasuka, na mwizi huuona. Kwa hiyo huujaza mawe, huulaza chini kwenye maji yaliyotulia, na kuufunga kwa kamba kwenye kisiki. Siku ukiuhitaji unatoa mawe, unaupindua, unapanda. Kwetu sisi kuzamisha ndiko kutunza.

Wakaizamisha yote kwenye kihori, ghuba ndogo ya mto chini ya kijiji, mahali maji yalipokuwa yamelala, yanafika kiunoni. Mtumbwi mdogo wa mama, wa kwendea shambani, ulilazwa mwisho, karibu kabisa na ukingo. Papa aliporudi, amelowa, alinikonyeza.

"Mambo ya vijana, Marceline. Juma mbili, atasahau. Tutaitoa."

Ndilo kosa lake, na sijui ni nani mwingine angeweza kulifanya ila mvuvi. Aliyajua maji, akadhani wakubwa wa vita nao huja na kupungua kama maji. Léon hakusahau. Aliweka askari na bunduki kwenye kihori. Papa alikwenda mara ya kwanza, wakamrudisha kwa maneno. Mara ya pili wakamrudisha kwa kitako cha bunduki, wala hawakuwa vijana wanaomjua. Wakati huohuo mvua zikaanza. Mto ulipanda kama unavyopanda kila mwaka. Visiki vilivyofungiwa kamba vikazama. Maji yaliyokuwa yamelala yakaamka, yakawa ya rangi ya chai, yanakimbia, na hapo kihorini pakawa mto mtupu.

Papa alikuwa akisimama mbali kidogo na askari, anatazama. Aliacha kukonyeza watu.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, ndege zikaja. Tuliona watu weupe wakishuka angani na miavuli, upande wa uwanja wa ndege. Ilipofika mchana tulijua kwamba nyuma yao wanakuja askari wa serikali na mamluki kwa barabara, na kwamba hawaulizi nani alikuwa Simba na nani hakuwa. Kwao mtu wa mji huu alikuwa Simba tu. Walinzi wa kihori walivua magwanda wakatokomea. Kijiji kizima kikateremkia majini.

Hapo ndipo nilipoielewa ile hadithi, nadhani. Watu wamesimama kando ya mto wao wenyewe, wote wavuvi, na hawana cha kuvukia.

Papa alizama. Aliibuka akatema maji, akazama tena. Wavuvi wengine nao. Huyu alipata kamba, kamba ikakatika. Yule aliushika mtumbwi kwa mikono, lakini mawe yalikuwa ndani, na mkondo ukamng'oa. Mmoja wao alizama na hatukumwona tena. Bunduki zilikuwa zikisikika upande wa soko.

Alichotoa papa ni mtumbwi mmoja, ule mdogo wa mama, kwa kuwa ulikuwa karibu na ukingo. Ulichukua watu wanne, watano ukiwabana. Papa akasema niingie na Safi. Mume wangu Dominique alikuwa amekwama Yanonge tangu vita vianze, na papa alitaka nivuke, kisha niteremke na mto mpaka kwake. Mama akaingia nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya ubao mtupu pembeni yake.

"Hapa ni pa Léon," akasema.

Jirani yetu alikuwa na watoto wawili. Alimwomba. Hakupiga kelele, aliomba tu. Mama alitazama maji, mkono wake bado uko palepale.

"Atakuya," alisema. "Ni mutoto yangu. Atakuya."

Na kweli alikuja. Alikuja kwa miguu, bila bunduki, bila kofia, na upande mmoja wa shati ulikuwa mweusi kwa damu isiyokuwa yake. Kikombe bado kilining'inia kwenye mkanda. Alikuwa peke yake.

"Wengine?" papa aliuliza kutoka majini.

Léon alitikisa kichwa.

"Nassoro?" niliuliza mimi.

"Nassoro alikuwa wa kwanza."

"Ingia," mama akasema. "Utasema njiani. Ingia."

Hakuingia. Alichuchumaa ukingoni, uso wake karibu na wa mama, kama mtu anayetaka kunong'ona.

"Mama, uliniuliza yule mutu alikufa namna gani."

"Sitaki kujua tena."

"Nilijua, mama. Kule walitufundisha yote, mi nikasema nusu. Miaka michache nyuma ya ile, alishindwa. Alikimbia mpaka kwenye mto ingine, na ng'ambo ndiko kwao. Alikuta mutu moja na mutumbwi moja, wa mwisho. Mutu akamwambia: panda, bwana, mi tu niko na mutumbwi, hawatakufuata. Akakataa."

"Juu ya nini?" papa akauliza. Alikuwa akitetemeka kwa baridi.

"Alisema: nilivuka na watoto elfu munane ya ile ng'ambo, na hakuna hata moja anarudi. Hata wazee wao wakinihurumia, nitawatazama na macho gani?"

Mama alimshika kola ya shati.

"Mi sijui wazee ya Wachina. Mi ni mama yako. Ingia."

"Aziza iko amesimama kule."

"Iko amesimama. Atakuuliza, utajibu. Mutu anajibu, Léon. Haya inaua mutu? Hakuna mutu alikufa na haya."

"Siwezi, mama."

"Unaweza."

"Siwezi."

Papa alipanda ukingoni. Nilidhani atampiga. Alimtazama tu.

"Na yule mwenye mutumbwi," akasema, "alirudi bure?"

"Jemadari alimupatia farasi wake, ye akafia pale ukingoni."

Léon akafungua mkanda, akakitoa kile kikombe cha ua jekundu, akaniwekea mapajani, juu ya Safi.

"Mutumbwi unavuja, Marceline. Utoe maji."

Mama akasimama, akatoka mtumbwini, mguu mmoja baada ya mwingine, akikunja kitenge chake kisilowe, kana kwamba hilo lilikuwa na maana bado. Akawachukua watoto wawili wa jirani akawapakia, mmoja mahali pake, mwingine pale palipokuwa pa Léon. Nilimwita. Aliniambia nikae chini nisiyumbishe watoto. Papa akatusukuma. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa juu ya mkondo: niukate kwa upande, nisishindane nao. Kisha akageuka akazama tena, kutafuta mtumbwi mwingine, maana watu walikuwa bado wengi.

Nilimfunga Safi mgongoni, nikapiga kasia na kutoa maji, kasia na kikombe, kasia na kikombe. Sikutazama nyuma.

Ng'ambo, mama Aziza aliingia majini mpaka magotini akaushika mtumbwi. Nyuma yake walikuwa akina mama wengine.

"Léon iko wapi?"

"Amebaki."

"Na Nassoro yangu?"

Viviane, yule jemadari aliogopa swali hilo, na kaka yangu aliliogopa, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Niliulizwa mimi. Nilikuwa na mtoto mgongoni, watoto wa watu miguuni na kopo mkononi, na nilijibu, kwanza kwa Aziza, kisha kwa kila mmoja aliyekuwa amesimama pale, jina kwa jina.

Aziza hakulia. Alisema, "Nilimuazima Léon. Sikukuazima we. Léon akuye mwenyewe."

Akakaa gatini akitazama ng'ambo. Nilipoondoka kwenda Yanonge alikuwa bado amekaa. Watu waliompelekea chakula walikuta cha jana hakijaguswa.

Nilirudi kijijini mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, maji yalipolala tena. Mwanamke mmoja aliyejificha msituni, njia ya Masako, aliniambia askari walifika gatini alasiri ileile. Hawakumwacha hata mmoja. Watoto wale wawili nilikuwa nimewaleta, lakini hapakuwa na wa kumkabidhi. Nyuma ya nyumba nilichimba majivu, nikaitoa sufuria ya mama. Unaijua, ndiyo ninayokupikia mpaka leo.

Kisha nikateremka kihorini. Mitumbwi ilikuwapo. Ilikuwa imelala mstari kwenye matope, mawe ndani yake, na mingine bado imefungwa kwa fundo la papa. Niliipapasa mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja uliokuwa umepasuka. Mti ulikuwa mzima, mweusi, laini, umetunzwa vizuri kabisa. Wavuvi wapya waliokuja kutoka Barumbu waliniuliza ni ya nani. Nikawatajia majina, nao wakaona aibu kuuliza zaidi, wakatoa mawe, wakaichukua.

Juzi nilikudokezea nusu ya pili, ukamuuliza patroni wako, ukaniambia alishangaa kwamba bibi wa Kisangani anaijua. Kwao kila mtu anaijua, alisema, na mpaka leo wanamsifu yule jemadari kwa kukataa kuvuka.

Basi mpelekee kitendawili changu, akijibu uniletee. Yule mwenye mtumbwi, alipofika ng'ambo na farasi peke yake, na akina mama wamesimama majini, aliwaambia nini?